Masizi ya Piracicaba

Miligramu mia mbili, nimekupima mwenyewe,
unga wa kijivu, mwepesi kuliko usingizi wangu.
Nikakulaza ndani ya bomba la kioo,
nikafunga tanuri. Nyuzi mia tano.
Haya, nikeli. Kazi kwako.

Inakujia ethanoli ya miwa
imeandamana na mvuke wa maji:
kaboni mbili zimeshikana viuno,
hidrojeni zimewaning'inia kama watoto wasiotaka kulala.
Wewe si bwana harusi, wala si jamaa.
Wewe ni mshenga aliyegeuka kadhi:
unawaita mbele yako,
kesi haifiki hata kupepesa jicho,
unavunja.
Hidrojeni zinatoka mbili mbili, hazina mizigo,
nawe umebaki ulipokuwa,
unamngoja anayefuata.

Ndivyo kisemavyo kitabu.
Kitabu hakijawahi kukesha.

Saa ya kwanza, asilimia tisini na nane:
Tarcísio akapiga meza, kahawa ikamwagika.
Saa ya tisa, themanini na nne.
Saa ya kumi na saba, sitini na moja,
shinikizo linapanda,
bomba linakoroma kama mwenye pumu.

Simuulizi mtu. Masizi nayajua.
Yalianguka kila Jumatatu juu ya kamba ya mama,
walipochoma mashamba usiku
ili majani yaishe na nyoka wakimbie.
Vipande vyeusi, virefu kama kope,
juu ya shuka alizokwisha kuzisuuza.
Baba, Valdomiro, alirudi na panga lake
mweusi mwili mzima, macho tu ndiyo meupe,
na mama Jandira akasema, hata hakugeuka:
masizi ni mshahara uliotangulia kufika.
Kisha akazianua shuka.
Akazifua tena.

Nimekutazama kwa darubini, nikeli.
Nyuzi za kaboni zimeota chini yako
zikakunyanyua kutoka kitini pako,
kila chembe imekaa ncha ya uzi
kama kichwa cha kiberiti.
Hukufa. Umeng'olewa ukiwa hai.
Na zile zilizobaki chini, kwa joto,
zimesogeleana, zimesogeleana,
zimekuwa donge.

"Tununue platini," asema Tarcísio.
Platini! Ruzuku yetu
haitoshi pete ya uchumba.

Kwa hiyo nimekutafutia godoro jingine,
oksidi ya seri, rangi ya ugali wa mahindi ya njano,
jirani asiyekaa na chake:
anakukopesha oksijeni, masizi yanaungua kabla hayajawa uzi,
kisha maji yanapita, yanamlipa deni.
Jaribio la arobaini na tatu.
Sikumwambia mtu kwamba hesabu yake
niliianza nikifikiria mikono ya mama
ndani ya beseni.

Saa ya kumi na saba, tisini na tano.
Saa ya ishirini na sita, tisini na nne.
Kwenye karatasi mstari umelala,
naogopa kuutazama sana nisije nikauamsha.

Saa ya thelathini na moja natoka nje kunyoosha mgongo.
Kumekucha. Anga la Piracicaba ni safi,
siku hizi hawachomi, mashine zinakata miwa mibichi,
mashine moja, watu themanini.
Shuka za majirani ni nyeupe pe.
Baba yuko nyumbani tangu mwaka ule zilipokuja,
anatengeneza saa za ukutani ambazo hakuna aliyezileta.

Jana aliniuliza hiyo gesi yangu ikiungua inaacha nini.
Nikamwambia: maji, baba. Maji tu.
Akazigeuza geuza mikono yake, akaitazama kucha,
mle weusi ulimokataa kutoka.
"Maji tu," akasema.
"Na wa kuyateka ni nani?"

Nimerudi ndani. Tisini na tatu.
Nimeandika.